Aliyekuja Kutania kwenye Msiba Wake

Kaeni, wapendwa, kaeni. Kina mama wa pale mlangoni sogeeni ndani, nafasi ipo huku mbele. Benchi la mbele halijawahi kuuma mtu.

Nina neno dogo na ninyi kabla sijaanza. Tumeimba sasa hivi kwamba Bwana amefufuka. Maneno mazuri, na kwaya imejitahidi. Lakini mimi nilikuwa nimesimama hapa nikizitazama nyuso zenu, na nawaambia kweli, mgeni asiyejua Kiswahili angepita pale dirishani angevua kofia akauliza marehemu anazikwa saa ngapi. Aliyekuwa anacheka ni Mama Sekela peke yake, na yeye nadhani alikuwa anamcheka mwalimu wa kwaya.

Sitawagombeza. Leo ni Pasaka. Nitawapa mfano, tena mfano wa msiba, maana naona misiba ndiyo mnayoiweza.

Palikuwa na jumbe mmoja. Chini ya kijiji chake palikuwa na bonde la mto, udongo mweusi, ule ambao ukidondosha mbegu ya boga kwa bahati mbaya, mwezi ujao unatafuta panga ili upite. Watu wa kijiji walilima bonde lile tangu enzi za babu zao, na jumbe alilitaka. Si kwamba alikosa shamba. Alikuwa na mashamba ambayo akiingia mwenyewe anauliza njia ya kutokea. Lakini mnawajua watu wa namna ile: akiona sahani ya mwenzake, chakula chake kinapoa.

Kilichomzuia ni mtu mmoja aliyeishi msituni. Jumbe alimwita haramia, na alitangaza kwamba atakayemleta, awe mzima au maiti, atapewa ng'ombe. Wanakijiji walimwita tu mtu wa msituni. Sura yake hawakuijua. Walimwona kwa mbali alfajiri, mgongo tu, na koti lake lenye kiraka chekundu. Jumbe akichukua mahindi ya watu kwa nguvu na kuyajaza ghalani kwake, haipiti wiki mahindi yanakutwa mlangoni kwa wenyewe, ndani ya gunia. Watumishi wa jumbe wakipigilia vigingi bondeni kuweka mipaka mipya, kesho yake vigingi vyote vimepigiliwa mbele ya mlango wa jumbe, vimebanana, mpaka mzee wa watu anatokea dirishani. Na tumbo lake lile.

Sasa kuna kitu kimoja nataka mkishike. Mtu huyu alikuwa na kasoro. Magunia yake aliyafunga kwa kamba ya mgomba, na fundo lake lilikuwa fundo la ajabu. Analizungusha, analipitisha chini, analirudisha, halafu analikaza kwa goti. Halifunguki kwa vidole. Kina mama walilifungua kwa meno, wakimshukuru Mungu na kulalamika kwa pumzi moja: "Huyu baba ana moyo mzuri, lakini nani alimfundisha kufunga?" Lishikeni fundo hilo. Tutalirudia.

Kijijini alikuwapo mjane mmoja. Alikuwa na jembe, vyungu, na kishamba kimoja bondeni, basi. Kishamba kile kikienda, yeye anahamia kwa kaka yake, kwenye jiko la wifi yake. Kina mama mnanielewa ninaposema jiko la wifi.

Siku moja, mvua za kupandia zikiwa zimekaribia, jumbe alipata bahati. Watumishi wake walikuta koti la mtu wa msituni limenasa kwenye miiba kando ya mto. Koti tupu, mwenyewe hayupo. Jumbe aliligeuza mkononi, akafikiri, akatabasamu, akaagiza ngoma ya msiba ipigwe. Watu walipokusanyika akawaambia kwa huzuni kubwa, "Ndugu zangu, mamba amemla mtu wenu. Tumeokota kilichobaki, na hakitazamiki, sitaki kina mama wakione. Tulikuwa na ugomvi wetu, lakini kifo ni kifo, nitamzika mimi mwenyewe kwa heshima. Keshokutwa, tukishaanua matanga, watumishi wangu watashuka bondeni kupima."

Kufa kufaana, wazee walisema. Nani atamzuia sasa?

Na ndani ya sanda alikuwa amefunga nini? Mgomba. Wazee mliomo humu mnajua: mtu akipotelea majini na mwili usionekane, kuna koo zinazozika mgomba badala yake. Wanaulilia, moyo unatulia. Ni desturi ya huruma. Jumbe aliiazima huruma ile akaishonea uongo. Yeye na watumishi wake walikata mgomba nyuma ya nyumba yake, wakauviringisha sanda, wakauvalisha koti juu, na kiraka chekundu kikaonekana na watu wote.

Watu walilia. Mjane yule alilia kuliko wote. Alikuja msibani vyungu vyake akiwa amekwisha kuvifunga kwenye kanga kule nyumbani, kwa sababu alijua matanga yakianuliwa, safari ni ya kwa wifi.

Katikati ya kilio kile akatokea mtani.

Vijana mliozaliwa mjini niwaeleze, maana ninyi mtani mnamjua wa mpira tu. Makabila yetu yana watani. Mtani akija msibani ana ruhusa ya kila kitu. Anavaa matambara, anajipaka unga na majivu, anamwiga marehemu alivyotembea na alivyokohoa. Anaingia kaburini analala, na hatoki mpaka apewe anachokitaka. Alichopewa kwa utani hakidaiwi tena. Na kumkasirikia ni mwiko. Ukimkasirikia mtani mbele za watu, umejivua nguo mwenyewe. Wazee wetu walijua kilio kikizidi kinaua, wakamweka mtu wa kuwapumzisha wafiwa kwa kicheko.

Mtani huyu alivaa gauni la mwanamke lililochanika, uso wote mweupe kwa unga, na kichwani kikapu badala ya kofia. Mmekwisha kumjua ni nani, nawaona mnatabasamu. Ninyi mmekaa, na mmeshiba chai. Wale walikuwa wanalia, na mtu anayelia haoni mbali.

Alifuata nini pale, na kichwa chake kina thamani ya ng'ombe? Mengine mtayaona. Lakini mimi nadhani kwanza kabisa alikuwa anasikia baridi.

Akaenda moja kwa moja kwenye maiti. "Jamani," akasema, "mnamzika mtu na koti zuri hivi? Huko aendako kunanyesha?" Akalivua, akalivaa yeye. Lilimkaa barabara. Watu wakacheka huku wakijifuta machozi. Kisha akaanza kumwiga marehemu. Akajitwisha gunia ambalo halipo, akanyata, akalitua, akaondoka akichechemea kidogo mguu wa kushoto.

Mzee mmoja, naye alikuwa na shamba bondeni jirani na la mjane, akatikisa kichwa. "Sivyo, mtani. Marehemu alikuwa mrefu kuliko wewe."

"Mrefu, mzee wangu?"

"Mrefu. Na hakuchechemea hata siku moja. Yule alikuwa na mwendo wa simba."

"Mwendo wa simba," mtani akasema, akajaribu. Akatembea hivi, kifua mbele. Watu wakatazamana. Hapana. Hata kidogo.

"Mwacheni, baba, anajitahidi," mama mmoja akamtetea. "Lakini yule hapatikani mwingine."

Wapendwa, mtu amesimama kwenye msiba wake, na koti lake mwilini, anaambiwa hajafanana na yeye mwenyewe.

Wakafika kaburini. Jumbe alikuwa na haraka, alitaka udongo uingie upesi. Kabla jembe halijainuliwa, mtani akarukia shimoni akajilaza kando ya sanda.

"Mtani, toka tuzike," jumbe akasema.

"Sitoki. Marehemu ananinong'oneza."

Jumbe akainama ukingoni, akashusha sauti. "Anasemaje?"

"Anasema waombolezaji wake wana njaa. Anataka ghala la jumbe lifunguliwe."

"Hilo haliwezekani."

"Basi nitalala hapa tuongee naye," mtani akasema, akawa anaibonyezabonyeza sanda kwa kidole. "Lakini jumbe, mbona ndugu yetu anatoa utomvu? Umeona wapi mtu mwenye utomvu? Niwaite wazee washuke watazame?"

Jumbe akacheka. Alicheka kwa nguvu, cheko la mtu aliyekanyaga kaa la moto mbele ya wakwe zake, huku mkono ukiutafuta ufunguo shingoni. "Mtani huyu kiboko," akawaambia watu. "Kiboko kabisa. Nendeni naye ghalani, mimi nabaki hapa nisimamie udongo." Na alisimamia kweli, akataka wauongeze, akataka waushindilie.

Kule ghalani ikawa sherehe. Mtani alipima mahindi, akajaza magunia, akayafunga yeye mwenyewe kwa kamba ya mgomba, akiyakaza kwa goti. Kila mtu akapata yaliyo yake, yale aliyokuwa amenyang'anywa. Zamu ya mjane ilipofika, mtani akampa mahindi yaliyochaguliwa, makubwa, ya mbegu.

"Dada, haya usile. Panda."

"Nipande wapi, mtani wangu?" mjane akasema. "Keshokutwa shamba si langu. Mtu wetu amekufa."

"Nani kakwambia?"

"Acha, baba. Leo sina nguvu za kucheka."

Mtani akamtazama. Akaweka kikapu chini, akajifuta unga usoni kwa mkono wa koti, akawageukia watu wote, na safari hii hakutania. "Jamani, ni mimi," akasema. "Sijafa."

Halafu watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Mtani huyu atatuua," yule mzee akasema, akishika mbavu. Wakamshukuru, wakampa uji, akanywa. Kisha akaondoka akipita kwenye migomba, akichechemea mguu wa kushoto, na wakakitazama kile kiraka chekundu mpaka kilipozama msituni. Wakajitwisha magunia yao. Na njiani, mzigo wa mahindi kichwani, wakaanza tena kulia. Mungu amlaze mahali pema, walisema, alikuwa mtu wa kutulisha.

Mnacheka. Chekeni, leo ni siku yake.

Jioni ile kila nyumba ilifungua gunia. Na kila nyumba ilikutana na fundo. Halifunguki. Watu wakatumia meno, wakalalamika kama walivyozoea, wakalegeza, wakatia mahindi kwenye kinu, wakaendelea kulia. Yule mzee hakuwa na meno ya kazi hiyo, akalikata gunia chini kidogo ya fundo kwa panga. Na kwa kuwa kamba ilikuwa ndefu na nzuri, akaihifadhi na fundo lake, akajifunga kiunoni kushikilia suruali. Hakuna aliyejiuliza neno.

Mjane naye aliuma kamba. Jino likateleza. Akasema kama asemavyo siku zote, "Huyu baba, nani alimfundisha..."

Akanyamaza, kamba ingali mdomoni.

Akaitoa. Akalitazama lile fundo upande huu na upande huu. Halafu akaanza kucheka, peke yake ndani ya nyumba, mpaka kuku wakakimbilia nje. Alipochoka kucheka akaifungua ile kanga, akatoa vyungu, akakirudisha cha kwanza juu ya mafiga.

Asubuhi akapita kwa majirani akiwaambia, "Ni yeye. Angalieni mafundo yenu." Wakamtazama kwa huruma. Wakaambiana wanawake kwa wanaume kwamba msiba umemchanganya, maskini, atafutiwe mtu wa kulala naye nyumbani. Ni nani tena waliowahi kwenda na habari ya namna hiyo asubuhi, wakaambiwa wanapayuka? Someni nyumbani, mtawakuta.

Kesho yake, siku aliyoitaja jumbe, watumishi wake wakashuka bondeni na vigingi begani. Shamba la kwanza lilikuwa la mjane. Wakamkuta ameinama, anapanda, anaimba.

"Mama, unapanda nini kwenye shamba la jumbe?"

"Napanda mahindi kwenye shamba langu."

"Hukusikia kwamba mtu wenu amekufa?"

Mama akajinyoosha, mkono kiunoni. "Amenipa mbegu hizi juzi kwa mkono wake. Mkikutana naye huko njiani mwambieni fundo lake limebaki kidogo lining'oe jino."

Sasa nisikilizeni hapa. Watumishi wale ndio waliokata mgomba. Katika kijiji kizima, hakuna waliojua kilichomo kaburini kuliko wao. Walimtazama yule mama, wakautazama msitu, na vigingi vikawa vizito ghafla. "Tunapita tu, mama," mmoja akasema. "Pole na kazi." Wakaliruka lile shamba.

Shamba la pili lilikuwa la yule mzee. Yeye alikuwa anawasubiri mpakani, amenyoa kichwa kwa msiba, jembe mkononi. Mimea ya mpaka alikuwa amekwisha kuing'oa mwenyewe, ili kuwarahisishia kazi. Akawanyooshea jembe. "Chukueni," akasema, "aliyekuwa anatutetea hayupo tena." Mtumishi akanyoosha mkono kulipokea. Na ng'ambo ya mpaka mama anaimba. Na kiunoni mwa mzee, chini ya kitovu, limekaa fundo.

Mfano wangu nauacha hapo. Jembe liko hewani, mkono wa mtumishi haujaligusa. Naona mnataka kujua mzee alifanya nini. Na mimi ndilo nililokuja kuwauliza, kwa kuwa mzee yule ni sisi.

Wazee wa kanisa, msiniandikie barua kwa askofu. Sisemi Bwana wetu ni mwizi wa mahindi. Nasema habari ya waombolezaji. Wakubwa wa siku zile walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujua kaburi halina mtu; waliletewa taarifa na walinzi wao wenyewe, mapema, kabla wanafunzi hawajafungua mlango waliojifungia. Shetani hana shaka na Pasaka, ndugu zangu. Anajua vizuri kilichomo kaburini na kisichokuwamo. Wenye shaka ni sisi, tunaokwenda kumkabidhi jembe kabla hajaliomba.

Wewe baba, ulikaa kitandani tangu mavuno mpaka masika, tukaja kukuombea, wengine tukiwa tumeanza kufikiria mbao. Leo umekuja kwa miguu yako na umenung'unika kwamba mahubiri ni marefu. Nani kakufungia gunia hilo? Wewe mama ulisema mwanao hatarudi nyumbani, sasa amerudi, anakumalizia sukari, unalalamika. Hilo ndilo fundo. Neema yake mara nyingi inakuja na usumbufu wa kufungua, nasi tunaufungua kwa meno, tunakula, tunajifuta mdomo, halafu tunaimba kwa sauti ya matanga kuhusu mtu mwema aliyekuwako zamani. Tunamsifu marehemu, alikuwa mrefu, alikuwa na mwendo wa simba. Yeye mwenyewe akipita karibu, akichechemea, kwa jirani anayekuletea mchicha, tunamwambia hajafanana.

Mimi huwa nafurahi sana nikimfikiria yule mjane. Hakuwa na chochote ambacho wenzake hawakuwa nacho. Gunia lile lile, kamba ile ile, na meno yake yalimuuma vile vile. Ila yeye alinyamaza kidogo akaitazama kamba, wenzake wakaitupa, au wakajifungia suruali. Kwa hiyo yeye alipanda.

Basi tunamaliza. Mwalimu wa kwaya, tutaurudia ule wimbo wa mwanzo, wote, tumesimama. Lakini kabla hujafungua mdomo, kila mtu ajishike kiunoni. Usiangalie cha jirani, shika chako. Nimesema ushike, mzee wangu wa pale nyuma, hata wewe uliyevaa mkanda wa ngozi. Umelipata fundo lako? Haya. Sasa jembe lako liko mkononi, na mvua ya kupandia imekwisha kuanza. Tuimbe.